Kivuli cha Serikali

Haya nimeyapata kwa Bi Kivuli, yule msusi wa mikeka aliyehamia mtaani kwetu mwaka ule nyuki walipoingia kwenye paa la shule na watoto wakashinda nyumbani mwezi mzima. Tulikuwa tunachambua mchele wa arusi. Jina lake nililiona geni, nikamwuliza limetoka wapi. Akasema, "Subiri, bibi, litakuja lenyewe." Nikamwuliza nchi anayoisimulia ni ipi, akasema ina jina refu linalobadilishwa kila Mkuu wake akiamka vibaya, basi tusijisumbue nalo. Nikamwuliza, "Na wewe ulikuwepo?" Akasema, "Nilikuwepo, tena mbele kabisa." "Uliyaona?" "Sikuona kitu." Mtu mzima akikujibu hivyo, wewe endelea na mchele wako. Nami nawapa nilivyopewa.

Katika nchi hiyo, wajukuu zangu, kivuli kilikuwa mali ya serikali, kama reli na magereza. Hakikukaa tu mahali kikimsubiri kila mpita njia. Kiligawiwa kwa cheo. Mkuu wa nchi, aliyeitwa Mtukufu Mng'aavu, alikuwa na mwavuli mpana wenye pindo za dhahabu, na mtu wa kuushika. Mawaziri walikuwa na kofia pana. Manaibu waziri walikuwa na kofia zisizo na ukingo, ambazo hazikukinga kitu, ila zilihesabiwa kuwa kofia. Wakurugenzi waliruhusiwa kujikinga kwa faili, mradi ndani ya faili muwe na kazi ya serikali. Na mwananchi? Mwananchi alipewa jua. "Jua lote lenu," waliambiwa, "nani kawanyang'anya?" Miti ya barabarani ilikatwa yote baada ya mwuza karanga mmoja kukutwa amekaa chini ya mti wa mkungu, kwenye kivuli ambacho wapimaji walikipima wakakiona ni cha ngazi ya ukurugenzi. Mkungu ulikatwa. Mwuza karanga alionywa asipande tena cheo bila barua.

Sasa mtu wa hadithi yetu ni Bwana Mshindo, mtangazaji wa Ikulu. Huyu alikuwa na kifua kipana, sauti kama ya ngoma ya ngozi ya ng'ombe dume, na woga kama wa panya wa msikitini. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya kipaza sauti na kusema, "Mtukufu Mng'aavu ametamka!" kisha kuyasema aliyotamka. Na sheria ya kipaza sauti kile ilikuwa moja: neno likishatoka humo ni neno la Mtukufu, na Mtukufu hakosei, kwa hiyo halirudi.

Mnadhani natia chumvi. Siku moja, katikati ya hotuba ya bajeti, Mshindo alishikwa na mafua akapiga chafya kwenye kipaza sauti. Tangu hapo kila shughuli ya taifa hufunguliwa kwa chafya. Mbunge ambaye chafya haimjii huletewa pilipili manga kwenye kisahani.

Ungesema mtu mwenye mdomo wa namna hiyo angeufanyia jambo. Mshindo aliufanyia karamu. Aliutumia kula pilau la Ikulu, basi.

Ikatokea Mtukufu akasafiri ng'ambo kwenye mkutano wa njaa, akarudi amenenepa, na mkononi ana tyubu ya krimu ya kuondoa makunyanzi. Baraza la mawaziri likaitwa kwa dharura. Daktari Mkuu wa Serikali, Dokta Ngwatu, akaambiwa aeleze dawa inavyotumika, na Mshindo alikuwa pale, kalamu mkononi.

"Mtukufu," alisema Dokta, "krimu hii ina retinoidi, jamaa ya vitamini A. Ni nzuri, ila haitaki pupa. Hupakwa usiku, uso ukiwa mkavu, kiasi cha punje ya mbaazi kwa uso mzima, mbali na macho na midomo. Mtu huanza kwa siku mbili au tatu kwa wiki, na juu yake hupaka mafuta ya kulainisha ngozi. Ikimchubua, hupunguza. Asubuhi ni lazima krimu ya kukinga jua, uso na masikio na shingo, hata kukiwa na mawingu, na akishinda nje airudie kila baada ya saa mbili. Na kofia. Maana dawa hii huifanya ngozi kuwa nyepesi kuungua. Na mwenye mimba, Mtukufu, asiiguse kabisa."

Yalikuwa maneno ya maana, na kila mtu mle ndani aliyasikia. Hilo mlishike. Hakuna aliyekosa kusikia.

Akasimama Waziri wa Nyuso, Mheshimiwa Bi Lukanza, mwanamke aliyevaa kofia pana hata akiwa bafuni. "Dokta, umesema usiku?"

"Usiku, Mheshimiwa."

"Usiku nani atawaona? Raia akijifungia chumbani akapaka, mimi nitajuaje kwamba amepaka? Utii wa gizani una tofauti gani na uasi?"

Mawaziri wakapiga meza.

"Halafu unasema punje ya mbaazi. Mtukufu apake punje, na mfagiaji apake punje? Sasa vyeo tumeviweka vya nini?" Meza zikapigwa tena. "Na hiyo krimu ya kukinga jua! Jua liko kwenye bendera yetu, Dokta. Unataka taifa zima liamke asubuhi lijikinge na bendera?"

"Mheshimiwa, ngozi inaungua…"

"Ngozi yetu nyeusi haiungui. Ngozi yetu na jua ni ndugu."

"Inaungua, Mheshimiwa. Na inatoka madoa."

"Nikuulize swali moja dogo. Nani mkubwa, krimu au Mtukufu?"

Dokta Ngwatu akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema sayansi inaendelea kukua. Akakaa chini. Huyo alisoma mpaka nywele zikamwisha, na kukaa chini kukamchukua muda mfupi kuliko nzi anapotua.

Kesho yake Mshindo akatangaza. Mtukufu Mng'aavu ametamka: kila raia mtu mzima atapaka krimu adhuhuri, hadharani, kichwa wazi. Kiasi kitafuata cheo, kuanzia kidole kizima kwa raia hadi kiganja kilichojaa kwa Mtukufu. Mafuta ya kulainisha ni ulegevu. Na itakuwako Siku ya Kung'ara, ambapo wakubwa wote na wake zao na waume zao watapaka jukwaani mbele ya taifa.

Wakapaka. Na jua likafanya kazi yake, maana lenyewe halikuwa limehudhuria baraza.

Wiki haikuisha nyuso zikaanza kubabuka. Zilianza kuwasha, zikawa nyekundu kwa weusi, zikabanduka vipande kama rangi ya mlango wa zamani. Serikali ikaona, ikafurahi. Redio ikasema huku si kubabuka, huku ni Kujivua. "Taifa linajivua ukale!" alinguruma Mshindo, na kila akinguruma ngozi ya shavu ilipasuka kidogo. Mkuu wa mkoa mmoja alikusanya magamba yake akayatia kwenye bahasha akayapeleka Ikulu, akajibiwa kwa barua ya shukrani. Mkuu wa mkoa jirani, kwa wivu, akapeleka ya mke wake pia. Watu waliacha kucheka, kwa kuwa kucheka kuliuma, na wizara ikaandika kwamba nidhamu imepanda.

Nyumbani kwa Mshindo mlikuwa na mkewe, Siwema. Walioana zamani. Mimba mbili zilimtoka, zote alipokuwa amekwisha kuzizoea. Sasa alikuwa na ya tatu, nayo ilikuwa imekwisha kuanza kucheza. Akitembea alitembea kama mtu aliyebeba yai kwenye kijiko.

"Mume wangu," alimwambia akikung'uta mto, "uso wako unaacha unga."

"Ni Kujivua."

"Ni kuungua. Tangu lini kuungua kukapewa jina la heshima?"

"Siwema, kuta zina masikio."

"Basi zisikie vizuri. Siku ya Kung'ara mimi sipaki."

Mshindo akakaa kitandani. "Usinitie aibu, mama. Ni kupaka tu. Unapaka, unasubiri makofi, unafuta."

"Dokta alisema mwenye mimba asiiguse. Wewe mwenyewe ulirudi ukanihadithia."

"Alisema kabla sayansi haijakua."

Siwema akaweka mkono tumboni. Hakupandisha sauti. "Mbili zimekwenda, Mshindo, na hatukuwa na wa kumlaumu. Hii nikiipoteza nitakuwa naye, na nitalala naye kitanda kimoja."

Mshindo akazima taa. Asubuhi akaenda Wizara ya Nyuso kuomba msamaha wa mkewe. Alikwenda kwa mlango wa nyuma, maana hata mtoto wake alitaka kumwokoa kwa adabu.

Mtoa misamaha alikuwa Bwana Mlekwa, mtu mwembamba mwenye haki ya faili, na faili lenyewe alikuwa amelivaa kichwani ofisini, kwa mazoea.

"Kwa hiyo mkeo ni mjamzito," alisema. "Hongera. Mtoto ana uso?"

"Bila shaka anao."

"Uso wowote uko chini ya wizara hii. Kwa nini haujaandikishwa?"

"Bado hajazaliwa, ndugu yangu. Yuko tumboni."

"Tumboni wapi? Eleza mazingira."

"Tumboni, Bwana Mlekwa. Ndani. Mle mna giza, mna maji…"

Bwana Mlekwa akaliteremsha faili kichwani polepole. "Mna giza."

"Ndiyo."

"Mchana pia?"

"Mchana pia."

"Bwana Mshindo, unaniambia kwamba yumo mtu, hana cheo, hana kazi, hajaliimbia taifa hata ubeti mmoja, naye yuko kivulini usiku na mchana? Hata Mtukufu mwavuli wake hufungwa saa za kulala! Kwa kibali cha nani?"

"Lakini… watoto wote…"

"Usiwataje wote! Wizara inajua huyu mmoja tu. Ukiwataja wote italazimika kujua."

Faili likapanda kwa Mheshimiwa Bi Lukanza, likashuka siku ile ile, jambo lisilowahi kutokea tangu uhuru. Ilionekana kwamba Siwema, mke wa mtangazaji, anamhifadhi mtu kivulini kinyume cha utaratibu. Kwa kuwa mumewe ni mtumishi mwaminifu, hatashitakiwa. Siku ya Kung'ara atatangulia wote jukwaani, na atapaka mara mbili: usoni, na tumboni, tumbo likiwa wazi juani, ili mtoto apate kutoka kivulini kwa hiari.

Mshindo aliporudi alisema, "Nimejaribu."

Siwema alisoma yote usoni mwake, kwenye kile kilichobaki cha uso. "Watakuja kunichukua?"

"Kwa gari la heshima."

"La heshima," alisema Siwema, akaendelea kukuna nazi. Ila alikuna mpaka kifuu, na hakujua.

Siku ikafika. Uwanja ulijaa, vichwa wazi, jua limesimama katikati kama askari wa zamu. Jukwaa lilikuwa limeezuliwa turubai ili wasio na cheo wasiibe kivuli. Mtukufu Mng'aavu alikaa chini ya mwavuli wake, amepakwa poda nzito, kwa kuwa yeye naye, kwa kiganja chake cha kila siku, alikuwa amejivua hadi pua ikawaka, ila hakukuwa na mtu wa kumwambia. Siwema aliletwa mbele. Walimfungua kanga kifuani kidogo, tumbo likaonekana. Bi Lukanza alikuwa tayari na bakuli la krimu na mwiko.

Shughuli ikafunguliwa kwa chafya, kama ilivyo desturi. Mshindo, kwenye kipaza sauti, aliwatazama. Wabunge wote, watu wazima wenye vitambi na shahada, walisimama wakapiga chafya kwa zamu, na wengine machozi yakiwatoka kwa pilipili manga. Spika alipiga tatu. Jaji Mkuu aliomba pilipili iongezwe. Na kwa mara ya kwanza tangu apewe kazi, Mshindo alijiuliza swali ambalo hata mbuzi angejiuliza mapema zaidi: hawa wote wanapiga chafya kwa sababu gani? Kwa sababu ya pua yangu. Siku moja pua yangu iliwasha, na nchi nzima ikatii.

Bi Lukanza akachovya mwiko. "Mtangazaji, tangaza!"

Mshindo akamtazama mkewe. Akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mtukufu Mng'aavu ametamka!"

Uwanja ukasogea mbele.

"Ametamka kwamba… kwamba krimu hii ni ya usiku!"

Mwiko ukasimama hewani. "Mshindo, unasema nini?" Bi Lukanza alinong'ona.

"Ya usiku! Kiasi cha punje ya mbaazi, kwa mkubwa na kwa mdogo, siku mbili tatu kwa wiki, na mafuta ya kulainisha juu yake! Ametamka kwamba aliyebabuka aiache mpaka apone! Ametamka kwamba kila asubuhi kila mtu apake krimu ya kukinga jua, avae kofia, yoyote aliyo nayo, na asiye na kofia akae kivulini, popote atakapokikuta!" Sasa ulimi ulikuwa umeshika njia, haukuweza kusimama. "Ametamka kwamba mwenye mimba asiiguse krimu hii, wala asiguswe nayo! Na kwa ukarimu wake usio na mfano, Mtukufu ametamka kwamba mwavuli wake, huu huu, kuanzia dakika hii, amempa mtoto aliye tumboni!"

Mtukufu akafungua mdomo. Akaufunga. Fikirini wenyewe: kukanusha kungekuwa kusema kwamba Mtukufu amekosea, na mtu wa mwisho kusema hivyo alikuwa ndugu yake wa tumbo moja, ambaye sasa amejengewa nyumba nzuri sana isiyo na mlango. Mtukufu akageuka kumtazama Jaji Mkuu. Jaji Mkuu alikuwa anapiga chafya.

Yule mshika mwavuli alikuwa mtu wa sheria. Akainamisha kichwa, akaondoka pale alipokuwa, akapita kwa hatua za gwaride mpaka kwa Siwema, akasimama na kumfunika. Kile kivuli kikamshukia begani, kikashuka tumboni, naye akafumba macho.

Wa kwanza kupiga makofi alikuwa Bi Lukanza. Mwiko aliutupa nyuma ya kiti. "Ndivyo nilivyomshauri siku zote!" alipaza sauti. Dokta Ngwatu akasimama, akatangaza kwamba sayansi imekua zaidi. Uwanja mzima ukalipuka, vitambaa, makawa, masufuria, kila kitu kikapanda vichwani.

Kisha zikaanza hotuba za kumshukuru Mtukufu kwa ukarimu wa mwavuli. Kila mkoa ulikuwa na hotuba yake, na hakuna mkoa uliotaka kuonekana una shukrani fupi. Mtukufu alizisikiliza zote, juani, kichwa wazi, kiganja kizima cha krimu kikichemka chini ya poda. Kila alipotaka kuinuka watu walidhani anapokea pongezi, wakashangilia, akakaa tena. Hakuna mtu aliyewahi kusifiwa akaiva namna ile.

Baadaye magazeti yaliandika kwamba Mtukufu ndiye aliyevumbua kivuli. Bi Lukanza akapewa nishani ya kivuli, akaivaa juu ya kofia. Bwana Mlekwa akafungua daftari jipya la kuandikisha miche ya mikungu. Mshindo hakuadhibiwa, maana kumwadhibu kungekuwa kukiri. Alistaafishwa jioni ile ile kwa sababu ya uchovu wa koo, na kipaza sauti kikafungiwa sandukuni.

Nanyi msimsifu sana. Bi Kivuli mwenyewe hakumsifu. Alisema: katika maisha yake yote alisema kweli mara moja, na hata hiyo aliisema kwa jina la mtu mwingine.

Jioni ile mwavuli ulikuwa umeegemezwa pembeni mwa chumba chao, pindo za dhahabu zikigusa kapu la vitunguu. Hakuna aliyekuja kuudai. Siwema alimpaka mumewe mafuta usoni, taratibu, kwa ncha ya kidole.

"Unauma?"

"Unauma."

"Ndio uso huo. Karibu tena."

Mshindo akacheka, akaguna, maana kucheka bado kuliuma. "Akiwa mvulana, tumwite nani?"

"Akiwa mvulana utajua wewe. Akiwa msichana, ni Kivuli."

"Jina gani hilo? Watamcheka."

"Wacheke. Kwanza, ataanza maisha akiwa tayari na cheo."

Ikulu, Mtukufu alilala chali, kitambaa cha maji baridi usoni, na mtu wa kumpepea. Bi Lukanza alilala na nishani yake. Dokta Ngwatu alilala fofofo, kama kawaida yake hata akiwa macho. Mshindo akalala mdomo wazi, mdomo ambao sasa haukuwa na kazi. Siwema akajifunika kanga, akazima taa, naye usingizi ukamchukua mkono ukiwa tumboni.

Aliyebaki macho alikuwa mmoja. Alipiga teke, akapiga la pili, akajigeuza katika kivuli chake, ambacho hakuna wizara iliyokigawa. Kisha naye akalala.